Kifuniko cha Ndoo na Maji ya Mto

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akitaka niwaeleze wanafunzi, pamoja na wenzangu tuliokwisha kutoka shuleni, kazi niifanyayo huku Juba, kwa maana habari zilizofika huko, asema, ni kwamba nauza ndoo. Habari hizo si za uongo kabisa. Lakini kazi yenyewe ni hesabu, nayo ni hesabu ya joto, ile ile tuliyofundishwa katika darasa la Fizikia na ambayo wengi wetu tulidhani mwisho wake ni mtihani. Nitaieleza polepole. Atakayetaka kuifuata barabara na achukue kalamu na karatasi, kwani mahali pamoja nitamwomba ahesabu pamoja nami.

Juba ni mji mkuu wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2016. Mji uko ukingo wa magharibi wa Nili Nyeupe, ambayo hapa huitwa Bahr el Jebel. Bandari yake si kama ya Mombasa au Dar es Salaam. Msomaji asitazamie kreni ndefu wala meli za ghorofa. Ni ukingo wa mto wenye matishari yaliyofungwa ubavu kwa ubavu, yapakiayo vyakula na saruji kwenda Bor na Malakal, na mitumbwi iletayo samaki. Vyombo vya plastiki, yaani viti, mabeseni na ndoo, haviji kwa maji. Huja kwa malori kutoka Kampala na Nairobi kupitia Nimule, kwa barabara ya kilomita 192 iliyomalizika kutiwa lami mwaka wa 2012, kisha vingine hupakiwa matisharini viende kaskazini.

Nyumba nyingi hapa hazina bomba. Maji huletwa na malori ya matangi, au hutekwa kisimani au mtoni penyewe, yakawekwa katika ndoo. Mwaka wa 2014 kipindupindu kilizuka Juba, kikatangazwa na Wizara ya Afya mwezi wa Mei, na tangu hapo kimerudi nchini zaidi ya mara moja. Maji yaliyotiwa dawa asubuhi yaweza kuharibika kabla ya jioni ikiwa kifuniko cha ndoo hakikai sawasawa, kwa kuwa mikono ya watoto, nzi na vumbi hupata njia. Nenda sokoni, uchukue kifuniko chochote ukiweke juu ya meza. Kikichezacheza kama kiti chenye mguu mmoja mfupi, basi kimepinda. Wachuuzi husema ni jua la safarini, au plastiki ni mbovu. Jua laweza kuwa na sehemu yake, ila mara nyingi kifuniko kilipinda siku ile ile kilipofanywa, kwa sababu upande mmoja ulipoa kabla ya mwingine.

Yuko mama mmoja mfanyabiashara hapa bandarini, sote twamwita Mama tu, ambaye alichoka kuagiza vifuniko vilivyopinda akaazimia kuvifanya mwenyewe. Alikuwa amepata mashine iliyokwisha kutumika, na fundi wa ng'ambo wa kumchongea kalibu. Alinijia na mchoro wa kalibu hiyo mkononi. "Bashmuhandis," aliniuliza, "maji ya mto yatatosha kupoza, au ninunue na mtambo wa kutia maji baridi?" (Neno hilo ni la Kiarabu cha Sudan, heshima apewayo mhandisi, na hata fundi ambaye hana shahada. Mama alilelewa Kenya wakati wa vita, na Kiswahili chake ni fasaha kuliko changu.) Nikamwambia, "Mama, nipe siku kumi." Akasema, "Chukua. Lakini chuma kikishachongwa, fedha zangu ndizo zimechongwa." Mtambo ule wa baridi ulikuwa na bei ya kutisha, na umeme wake ungetoka katika jenereta ya dizeli.

Sasa tuitazame mashine. Ni kama bomba la sindano la daktari, lakini kubwa mno. Punje za plastiki humiminwa katika pipa lililolala, ambalo ndani yake mna parafujo ndefu inayozunguka. Punje zinasagika na kupata moto mpaka zinakuwa uji mzito wenye joto la digrii 230 hivi za sentigredi. Kisha parafujo inasogea mbele kwa nguvu nyingi na kuusukuma uji ule ndani ya kalibu. Kalibu ni vipande viwili vikubwa vya chuma, dume na jike, na nafasi iliyobaki kati yao ndiyo umbo la kifuniko. Mashine ya kwanza ya jinsi hii ilipewa hataza huko Marekani mwaka wa 1872, kwa jina la ndugu wawili, John Wesley Hyatt na Isaiah; nayo ya parafujo aliitengeneza James Watson Hendry mwaka wa 1946. Ndani ya chuma cha kalibu hutobolewa njia za maji, upana wake kama kidole kidogo, ambazo hupita nyuma ya uso unaogusa plastiki. Maji yanaingia huku na kutoka kule, yakichukua joto.

Kujaza kalibu ni kazi ya sekunde mbili tatu. Kuifungua na kukitoa kifuniko ni sekunde nyingine tatu au nne. Wakati wote uliobaki, nao ndio mwingi, mashine haifanyi kitu ila kungoja plastiki ipoe. Mfanyabiashara hulipa umeme, mishahara na kodi ya banda kwa ajili ya kungoja huko. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kiwanda kidogo cha plastiki kitaishi au kitakufa, usitazame ukubwa wa mashine, tazama njia za maji.

Ni joto kiasi gani linalopaswa kuondoka? Kifuniko chetu kina gramu 150 za polipropilini. Kutoka digrii 230 mpaka kinapoweza kushikwa, kinatoa kilojuli 70 hivi. Joto hilo latosha kuchemsha kikombe kimoja kikubwa cha chai. Mashine ikitoa vifuniko 200 kwa saa, ni kama kuchemsha vikombe 200 vya chai kila saa ndani ya pande la chuma, na joto hilo lote liende mahali.

Mtu aliyetufundisha jinsi joto linavyokwenda ni Mfaransa Joseph Fourier, ambaye kitabu chake juu ya joto kilitoka mwaka wa 1822. Napenda kukumbuka kwamba Fourier aliwahi kufika Misri pamoja na Napoleon mwaka wa 1798, akawa katibu wa chuo cha wataalamu waliokianzisha Cairo. Basi baadhi ya maji aliyokunywa huko yalikuwa yamepita hapa Juba. Kanuni yake ni rahisi kuisema: joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na wingi wake hutegemea mwinuko wa joto kutoka mahali hadi mahali na tabia ya kitu linamopita. Chuma cha kalibu hupitisha joto kwa wepesi, mara 150 hivi kuliko plastiki. Kwa hiyo kizuizi kikubwa si chuma wala maji, ni plastiki yenyewe. Joto lililo katikati ya unene wa kifuniko halina budi kupenya plastiki kabla ya kufika kwenye chuma, na plastiki ni blanketi.

Hapa ndipo ninapoomba kalamu. Chukua kifuniko chenye unene wa milimita 2, na uso wa kalibu pande zote mbili uwe na digrii 40. Chora mistari mitano iliyo sambamba, ya kwanza na ya tano iwe nyuso mbili za plastiki, na kati ya mstari na mstari iwe nusu milimita. Polipropilini ina namba yake ionyeshayo wepesi wa joto kuenea, nayo ni 0.09 hivi, kwa milimita za mraba katika sekunde moja. Ukizidisha nusu milimita kwa nusu milimita unapata 0.25, gawanya kwa mara mbili ya 0.09, na jibu ni sekunde 1.39. Huo ndio urefu wa hatua moja ya hesabu yetu. Na uzuri wa kuchagua hatua ya namna hiyo ni kwamba joto jipya la kila mstari wa ndani huwa ni wastani wa majirani zake wawili, basi. Mjerumani Ernst Schmidt alilionyesha jambo hilo mwaka wa 1924, na mafundi wa zamani walilifanya kwa rula bila kuhesabu hata kidogo. Ukichukua hatua ndefu kuliko hiyo, namba zitarukaruka kama mbuzi na hazitakuwa na maana.

Mwanzoni mistari mitatu ya ndani ina digrii 230. Nyuso mbili zipe 135, yaani wastani wa 230 na 40, kwa kuwa ndipo plastiki na chuma vimegusana sasa hivi. Baada ya hapo zibaki na 40 siku zote. Hatua ya kwanza: mstari wa pili unapata wastani wa 135 na 230, ambao ni 182.5, na wa katikati bado 230. Hatua ya pili: wa pili ni 135, wa katikati 182.5. Ya tatu: wa pili 111.25, wa katikati 135. Ya nne: 87.5 na 111.25. Ya tano: 75.6 hivi, na wa katikati 87.5. Kifuniko cha polipropilini chaweza kutolewa katikati yake ikishuka chini ya digrii 90. Hatua tano za sekunde 1.39 ni karibu sekunde 7. Kanuni ndefu ya vitabuni, yenye logi na pai, inatoa sekunde 7.1. Kwa mistari mitano iliyochorwa kwa mkono si haba.

Mwanafunzi mwenye subira na arudie kwa unene wa milimita 3. Ataona muda hauongezeki kwa nusu, unapanda mpaka sekunde 16, maana muda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe. Milimita 1 hupoa chini ya sekunde 2, na milimita 4 hutaka sekunde 28. Ndiyo sababu nilipoutazama mchoro wa Mama jambo la kwanza halikuwa maji. Bapa la kifuniko lilikuwa na milimita 2, lakini ukingo wake, pale unapopinda kushuka na kushika ndoo, ulikuwa na milimita 3. Bapa likishapoa, mashine ingeendelea kungoja ukingo.

Hayo ni ya plastiki peke yake. Chuma nacho kina hesabu yake, nayo haiwezi kufanywa kwa mistari mitano, kwa sababu joto ndani ya kalibu huenda juu, chini na ubavuni. Hapo ndipo kompyuta inaposaidia, na kazi hiyo twaiita kuigiza. Unaikata picha ya kalibu katika vijumba vidogo, malaki kwa malaki. Kwa kila kijumba kompyuta inauliza: majirani zangu wana joto gani, na sisi ni chuma, plastiki au maji? Inabadilisha namba kidogo, inahamia kijumba kingine, na kurudia mpaka namba zitulie. Hakuna siri nyingine ndani yake. Ni karatasi yako ya mistari mitano iliyofanywa kubwa. Programu ya kwanza iliyopata sifa katika kazi hii ya plastiki, Moldflow, ilianzishwa Australia na Colin Austin mwaka wa 1978. Bei yake si ya watu wa kando ya mto. Ziko programu za bure, kama OpenFOAM, na Elmer iliyotoka Finland, nami nilitumia hizo, usiku, umeme unapokuwa imara. Lakini sikuifungua kompyuta kabla ya kufanya hesabu ya mkono. Kompyuta hujibu kila swali, hata swali la kipumbavu, na majibu yake yote yana rangi nzuri.

Picha ilipotoka ilikuwa hivi. Kwa maji ya mto, ambayo nilikuwa nimeyapima na kuyakuta na digrii 26 hadi 28, uso wa kalibu kwenye bapa ulikuwa na digrii 40, lakini kona ya ndani ya ukingo ilikuwa na 65. Fundi wa ng'ambo alikuwa ametoboa njia nne zilizonyooka chini ya bapa, wala hapana hata moja iliyofika karibu na ukingo. Na kona ya ndani ni mahali pabaya kwa tabia yake: plastiki inaizunguka pande mbili, na chuma kilicho ndani ya pembe ni kidogo. Joto laja kutoka kwa majirani wawili, na mlango wa kutokea ni mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kona ya basi lililojaa anaelewa.

Kifuniko hupinda kwa njia hii. Polipropilini ikipoa hujikunja, mara nyingi kwa asilimia 1 mpaka 2 na zaidi. Kifuniko cha upana wa milimita 300 chaweza kupungua milimita 4 au 5, na hilo si neno, maana kalibu huchongwa kubwa kidogo kwa kulitazamia. Taabu ni pale sehemu moja inapojikunja baadaye. Bapa limekwisha kuwa gumu, ukingo bado laini. Ukingo ukija kujikunja, unalivuta bapa ambalo halikubali tena kupungua, nalo hutunisha tumbo au kujipinda kama ukingo wa karatasi iliyolowa.

Basi sasa swali la Mama: je, mtambo wa baridi ungesaidia? Niliigiza tena kwa maji ya digrii 12. Kila mahali palishuka karibu digrii 16: bapa likawa na 24, kona ikawa na 49. Muda wa ukingo kupoa ulipungua kutoka sekunde 21 na nusu mpaka 17 na nusu, jambo ambalo muuza mitambo angelisifu. Lakini tofauti kati ya bapa na kona ilikuwa digrii 25 kwanza, na digrii 25 ikabaki. Mama angelipia dizeli kila siku ili apate vifuniko vilivyopinda kwa haraka zaidi.

Nikaacha maji yabaki ya mto, nikazihamisha njia. Njia mbili nilizipeleka zizunguke karibu na ukingo. Kwenye dume, mahali ambapo njia iliyonyooka haiwezi kufika, niliweka chemchemi, yaani tundu lililoziba mwisho lenye bomba jembamba ndani yake: maji hupanda ndani ya bomba, hugonga juu, hushuka kando. Kona ikashuka mpaka digrii 45, na bapa likabaki 40. Muda wa ukingo ukawa chini ya sekunde 17, kwa maji ya mto, bila mtambo. Kisha nikamwambia Mama tuupunguze ukingo uwe na milimita 2.5 na kuutia vimbavu vidogo vya kuupa nguvu. Sekunde zikashuka mpaka 12 kasoro kidogo. Hapo utaona kwamba nusu milimita ya plastiki ilileta faida kuliko digrii 16 za baridi. Wako siku hizi mafundi wa Ulaya na Asia wanaojenga kalibu kwa unga wa chuma unaoyeyushwa tabaka juu ya tabaka, hata njia za maji zikafuata umbo kama mishipa. Ni kazi nzuri kuitazama, ila kifuniko ni kitu cha mviringo kisicho na maringo, na keekee inatosha.

Liko jambo la mwendo wa maji ambalo wengi hawalidhani. Maji yakienda polepole hujipanga matabaka, tabaka lililo kwenye ukuta likapata moto na kukaa pale pale, na la katikati likapita bila kujua kama kuna moto. Yakienda kwa kasi huvurugika, na kila tone hupata zamu yake ya kugusa ukuta. Osborne Reynolds alilionyesha hilo mjini Manchester mwaka wa 1883 kwa uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo, na namba ya kupimia ikapewa jina lake. Chini ya 2,300 maji yamejipanga. Zaidi ya 4,000 yamevurugika. Mafundi wa kalibu hutaka 10,000 wapate usalama. Kwa njia ya upana wa milimita 10 na maji ya digrii 28, lita 4 kila dakika zafikisha 10,000. Sisi tulipitisha lita 10 katika kila mzunguko, na namba ikawa 25,000 hivi. Maji hayo hayo yangekuwa na digrii 10 yangekuwa mazito zaidi, na namba ingekuwa 16,000 tu. Hivyo uvuguvugu wa mto wetu, ambao kila mtu alikuwa akiulaumu, una msaada wake.

Walakini maji ya mto hayafai kuingia ndani ya kalibu. Yana tope, hasa wakati wa mvua, na tope na chokaa hushika kwenye kuta za njia. Gamba la milimita 1 huzuia joto kama vile umeongeza milimita 15 za chuma au zaidi. Kazi yote ya kusogeza njia ingepotea kwa mwaka mmoja bila mtu kuona, kwani gamba liko ndani. Kwa hiyo tuliweka maji safi yanayozunguka yenyewe kwa yenyewe, yakipita ndani ya koili ya bomba iliyozamishwa katika tangi, na maji ya mto yapite nje ya koili. Hayachanganyiki. Gharama yake ni kwamba maji safi hayawezi kuwa baridi sawa na mto. Hurudi kwenye kalibu yakiwa na digrii 31 hivi. Nilihesabu tena kwa 31: kona ikawa 48, na muda ukaongezeka kwa chini ya nusu sekunde. Mama akaukubali.

Wakati wa kiangazi, hewa inapokauka, twaweza kufanya vizuri zaidi kwa kuyamwagia mabomba maji upepo ukipita, kwa kanuni ile ile ya ziri, mtungi wa udongo uwekwao kivulini mbele ya nyumba huku Sudan zote mbili: maji yanayovuja nje ya udongo hugeuka mvuke na kuchukua joto la yale yaliyo ndani. Mvua zikianza hewa hujaa maji, na ziri hupoza kidogo tu. Mto haujali majira kiasi hicho, ndiyo maana niliuchagua.

Kalibu ilikuja kwa njia ndefu, Mombasa, Malaba, Kampala, Nimule. Kabla ya kuifunga tulitoboa kitundu kidogo karibu na kona ya ndani na kutia waya wa kupimia joto, milimita chache nyuma ya uso. Mashine ilipofanya kazi kwa saa moja, waya ulisema 51 pale nilipohesabu 48. Tofauti ya digrii 3 naiona ndogo, kwa sababu hesabu yangu ilidhani vipande vya chuma vimegusana kikamilifu, na chuma cha kweli kina hewa katika maungio yake.

Mama hakujali waya. Alichukua vifuniko kumi vilivyolala usiku kucha, akaviweka kimoja kimoja juu ya kioo cha dirisha, akazungusha ncha ya karatasi chini ya ukingo. Katika saba karatasi haikuingia popote. Katika vitatu iliingia mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa upande ule ule, yanapotokea maji ya mizunguko yote miwili. Maji yaliingia na digrii 31 na kutoka yakiwa na 34, kwa hiyo upande wa kutokea ulikuwa moto kidogo kuliko wa kuingilia. Tuliigeuza mipira ya mzunguko mmoja ili maji yake yaende kinyume cha mwenzake, mlango wa kutokea wa huu ukawa jirani na mlango wa kuingilia wa ule. Ilikuwa kazi ya robo saa kwa spana moja. Vifuniko kumi vya siku iliyofuata vilipowekwa kwenye kioo, karatasi haikuingia hata kimoja, na mzigo wa kwanza ulipakiwa tishari la kwenda Bor siku ya Jumamosi.